Ndege Niliyemsikia Peke Yangu

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu anayechomwa sindano ya kifua kikuu kila asubuhi na ambaye masikio yake bado ni mazima. Sijui kama nina haki ya kumwambia mtu lolote. Shule yangu iliishia mwaka wa nne, na karatasi nilizoandika wakati wa ugonjwa nyingi zilipotea, kwa hiyo mengine nayatoa kichwani. Pale ambapo sina hakika, nitasema sina hakika.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa taa. Kwetu Rumonge, kando ya ziwa, wavuvi wa ndagala, wale dagaa wetu, wanatoka jioni na taa za presha, na kazi yangu ilikuwa kuziwasha, kuzipampu na kuziangalia mpaka alfajiri. Taa ya namna ile inavuma. Mtu mwenye sikio zuri anajua kwa mvumo kwamba upepo umepungua ndani yake, kabla mwanga haujafifia. Mimi nilijua hata ya mtumbwi wa jirani. Nilikuwa nikipaza sauti, "Yenu inakufa hiyo," nao walikuwa wakinitukana, kisha wanapampu.

Kikohozi kilinianza katika mvua za mwaka uliotangulia uhuru. Watu walisema ni moshi wa petroli ya taa, nami nilipenda kuamini hivyo. Halafu siku moja niliona damu katika kitambaa, na mke wangu Mwamini akaiona kabla sijakikunja. Alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Mama yake, ambaye tuliishi naye, alitenga sahani yangu na kikombe changu siku ileile. Alifanya sawa, na leo ningemwambia mtu yeyote afanye vilevile. Lakini kikombe alikitundika nje, kwenye msumari wa mlangoni, ambapo kila mpita njia alikiona, na kufika Ijumaa watu msikitini walikuwa wameniachia nafasi pande zote mbili.

Kwenye dispensari nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kila nilipokohoa, benchi lilipata nafasi zaidi. Mwisho nilikuwa peke yangu juu yake, na wengine wamesimama juani. Infirmiye, yaani muuguzi, alinisikiliza mgongo, akaniambia niende Usumbura, mji wetu mkuu, kwenye sanatorio, hospitali ya masista ya wagonjwa wa kifua, na nisichelewe. Nilipanda lori la mawese. Lilisimama Minago, likasimama Magara, na Kabezi alipanda mtu mrefu mwenye koti, mwembamba kama mimi, akakaa karibu yangu bila kuogopa.

"Wewe pia iko unaenda kwa masista?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Basi kohoa tu, ndugu. Hatutaambukizana kitu ambacho kila mutu anacho cha kwake."

Huyo alikuwa Petero. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mrundi, Mkatoliki, mtu wa maneno. Tulipewa vitanda vilivyofuatana.

Sanatorio ilikuwa katika uwanda wa kaskazini ya mji, si mbali na mto Rusizi, karibu na pale ambapo siku hizi panaitwa parki, hifadhi ya wanyama, na kuna mtu wa tiketi. Wakati ule palikuwa pori tu, mafunjo na viboko. Kila asubuhi tulipanga mstari kwa Salvatori, infirmiye wetu, tukachomwa sindano, kulia leo, kushoto kesho, mpaka makalio yakawa na mabonge na tukajifunza kukaa upande. Mikono yangu ilikonda hata pete ikawa inaanguka kwenye bakuli la uji. Baada ya chakula cha mchana tulilazwa barazani kwa kupumzika, na ilikatazwa kuongea, maana mapafu yalitakiwa yatulie.

Watu wazima ishirini waliolala kimya mchana kutwa wanahitaji kitu cha kufanya. Sisi tulisikiliza ndege. Mchezo ulikuwa hivi: anayesikia ndege wa kwanza anagonga chuma cha kitanda mara moja na kuonyesha kidole upande sauti inakotoka. Wengine wakimsikia pia, wananyosha mkono. Masista walitupa vipande viwili vya sukari na chai ya saa kumi, na aliyegonga wa kwanza alichukua kipande cha jirani yake. Mwalimu Petero alijua majina ya ndege kwa Kirundi na kwa Kifaransa, wengine tulijua kwa Kiswahili, lakini katika kusikia hakuna aliyenipita. Nilimsikia chozi katika maua ya ukuta wa nyuma. Nilimsikia kitwitwi akipita juu kuelekea maji. Nilikula sukari nyingi sana mwaka ule.

Wale ambao makohozi yao yalikuwa yameanza kuwa safi waliruhusiwa kushuka mtoni mara moja kwa wiki, na Salvatori mbele na kila mtu na kopo lake la kutemea, lenye mfuniko. Sijui nieleze vipi. Mtu ambaye ameona tu ukuta na shuka nyeupe, halafu anaona ndege mwari wamekaa juu ya mchanga wengi namna ile, na mnandi ametandaza mabawa yake kama mtu aliyeanika shati, na korongo wenye taji wawili wanatembea majanini kwa heshima zao zote. Petero aliwavulia kofia.

"Bwana na bibi wanatoka misani," alisema.

Tulicheka, na kucheka kulitukohoza, na Salvatori akatukemea. Zilikuwa siku nzuri. Mwamini alikuwa amejifungua salama. Dereva wa lile lori la mawese alinipa habari: mtoto wa kike, jina lake Zaituni. Dokteri alisema picha ya kifua changu inaendelea vizuri. Nilihesabu kwamba kabla mtoto hajasema neno lake la kwanza nitakuwa nyumbani kulisikia. Hilo ndilo nililolitaka. Sikuwa na ombi lingine, hata katika sala.

Yule ndege alianza katika mvua kubwa. Nilimsikia kwanza wakati wa kupumzika, mbali, kwenye mafunjo, sauti nyembamba sana na kali, ya moja kwa moja. Niligonga kitanda na kuonyesha upande wa mto. Hakuna aliyenyosha mkono. Nilingoja. Walinitazama, wakatazama mto, na mwishowe Petero, kwa heshima ya masikio yangu, alinipa sukari yake.

Nataka hapa uelewe jambo hili, maana ndilo lililoniangusha. Waliniamini. Kwa miezi yote ile nilikuwa nasikia kabla yao, kwa hiyo nilipogonga na wao hawakusikia, walidhani ni wao waliochelewa. Na mimi nilidhani hivyohivyo. Kesho yake niligonga tena. Walimwita ndege wa Yusufu. Kuna aliyesema anamsikia kidogo, nadhani ili asipitwe, au ili asinivunje moyo. Sitamlaumu.

Baada ya wiki kadhaa Petero alianza kunung'unika.

"Musuahili, huyu ndege yako anakula sukari yetu na hata salamu hatoi."

"Ni mdogo, Mwalimu. Amejificha ndani ya mafunjo."

"Na hachoki?"

"Hachoki."

"Ndege gani asiyepumua?"

Nilifikiri labda wako wengi, wanapokezana. Siku za mtoni niliacha kutazama mwari na korongo, nikawa natembea ukingoni nikimtafuta. Alikuwa daima mbele kidogo. Nikisogea, naye amesogea. Wakati huohuo nilikuwa nimeacha kuwasikia wale wadogo wengine. Chozi kwenye ukuta nilimwona anafungua mdomo na sikusikia kitu, nikajiambia kwamba ndege wangu anapiga kelele mno, anawafunika. Usiku, nikienda chooni bila taa, nilikuwa napepesuka na kushika ukuta. Salvatori aliniuliza kwa utani kama sisi Waislamu wa Rumonge siku hizi tunakunywa urwarwa, pombe ya ndizi. Nilicheka. Ningemwambia siku ile kila kitu, labda ningekuwa na masikio leo. Labda. Sina hakika.

Ilikuwa mtoni, mvua zimekwisha, majani yameanza kukauka. Nilikuwa nimesimama, nimemnyoshea Petero kidole: pale, pale kwenye mafunjo yaliyovunjika. Alisikiliza muda mrefu na uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mwalimu.

"Yusufu," alisema, "jizibe masikio."

"Kwa nini?"

"Jizibe tu. Kwa nguvu."

Niliweka kopo langu chini, nikaingiza vidole. Mto ulinyamaza. Salvatori, aliyekuwa akiongea na wengine, alinyamaza. Ndege hakunyamaza. Aliendelea vilevile, sawasawa, hata karibu zaidi.

Nilitoa vidole na kuvirudisha mara kadhaa. Petero alichukua kopo langu pamoja na lake na kunishika mkono mpaka kwenye barabara.

Dokteri alikuwa Mbelgiji mzee mpole. Aliweka saa yake ya mkono karibu na sikio langu, akaisogeza mbali, akaileta tena. Niliitazama mishale ikitembea. Mmoja wa masista, tuliyemwita Mama Sista, alitafsiri, lakini sauti ya Mama Sista ilikuwa nyembamba na ilikuwa imeshaanza kupotea kwangu, kwa hiyo Petero aliruhusiwa kuingia na kurudia maneno kwa sauti yake nzito. Ni dawa, walisema. Ile sindano inaponya kifua, lakini kwa watu wengine inakula masikio. Kilichokwenda hakirudi. Tukiiacha sasa, kilichobaki huenda kitabaki, lakini ugonjwa unaweza kurudi kifuani, na ukirudi mara ya pili unakuwa mkaidi. Tukiendelea mpaka mwisho wa matibabu, kifua kitapona, na masikio hawezi kuahidi.

Dokteri alisema atafikiri, atanipa jibu lake. Halafu alienda kwao likizo, na zile zilikuwa wiki za mwisho kabla ya uhuru, na hakurudi. Wengi hawakurudi. Sisemi alitukimbia. Huenda alikuwa na mgonjwa wake mwenyewe huko. Lakini kila asubuhi mimi nilikuwa kwenye mstari, na Salvatori ameshika sindano, na hakuna mkubwa wa kuuliza.

"Mimi siwezi kukuondolea dawa," Salvatori aliniambia, akinyosha maneno mbele ya uso wangu ili nione midomo. "Nikiondoa na ukifa, ni mimi. Nikichoma na ukiwa kiziwi, ni mimi. Ukisema hutaki, sitakukamata."

Alikuwa mkweli. Nilimpa kalio, leo, na kesho, kwa sababu sikujua kufanya lingine. Si kwamba nilichagua. Mstari ulisogea nami nikasogea.

Mwamini alikuja kabla ya sherehe za uhuru. Watoto wachanga hawakuruhusiwa kuingia, wageni waliokuja nao walisimama nyuma ya kamba, sisi wagonjwa kwenye ngazi ya baraza. Alikuwa amemfunga mtoto mgongoni. Alimtoa, akamnyanyua juu nimwone. Alikuwa na kichwa kikubwa kama cha kaka yangu. Jua lilimpiga machoni, akafungua mdomo wote, na uso ukawa mwekundu, na nilijua analia kwa sababu nimewaona watoto wakilia. Nilisikia tu ule mlio wangu.

"Mwalimu," nilimwambia Petero, "analia namna gani?"

Petero aliniangalia, akaona ninauliza kweli, akasikiliza kwanza.

"Kama mutu wa ofisini amemuambia arudi kesho," alisema.

Nilicheka, na nilikuwa nimeshika ngazi kwa mikono miwili.

Petero ndiye aliyemweleza Mwamini. Nilimwona akisogea mpaka kwenye kamba na kumwambia yote, taratibu, mikono nyuma. Nilimwona mke wangu akimwuliza kitu, na Petero akijibu, na akimwuliza tena. Kisha alinitazama. Alikuwa anajua kwamba kwa umbali ule sauti yake hainifikii. Alimshika mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine aligusa sikio lake na kutupa mkono hewani, kama mtu anayetupa maganda. Halafu aliuweka mkono kifuani, akaukandamiza, akauacha pale.

Sijui kama hilo lilikuwa neno la haki kwake, kulazimika kuamua pale kwenye kamba, mbele ya watu. Wakati mwingine nilimkasirikia. Nilifikiri, ni rahisi, si masikio yake. Halafu nilifikiri, na kama angeonyesha sikio? Asubuhi yake nilienda kwenye mstari kama siku zote, ila mara hii nilikuwa nimetumwa.

Sauti zilinitoka moja baada ya nyingine, nyembamba kwanza. Wanawake wote, kisha wanaume vijana, kisha Salvatori. Siku ya uhuru ngoma zilikuja mpaka barabara ya sanatorio na wagonjwa wote wakatoka barazani. Nilizipata kwa miguu, kupitia sementi. Bendera mpya ilipandishwa, watu walilia na kukumbatiana, hata sisi tuliokatazwa kukumbatiana. Petero alinipigia kelele kitu sikioni, kwa furaha yote. Ndiye wa mwisho kutoweka. Mpaka kiangazi kinakwisha nilikuwa nikiona tu meno yake.

Niliruhusiwa katika mvua zilizofuata, kifua safi. Petero alibaki, picha yake ilikuwa na doa moja. Baadaye nilisikia, yaani niliandikiwa, kwamba alipona na kurudi Kabezi kufundisha.

Nyumbani nilikuwa mtu wa kushikwa mkono. Kwenye mtumbwi sikuweza tena, maana kwenye giza dunia ilinizunguka na sikujua wapi ni chini. Wavuvi walinijaribu, kwa wema, nikaanguka majini, wakanitoa, na hakuna aliyenilaumu wala aliyeniita tena. Nilikaa ufukweni kufuma nyavu. Zaituni alisema neno lake la kwanza, wakaniambia kwa vidole ni neno gani. Mama mkwe, ambaye alikuwa mkali, ndiye aliyevumilia zaidi kuliko wote kuniandikia kwa mkaa ukutani. Mwamini alichoka mapema. Kuna jioni nzima alizozungumza na majirani na kunipa mgongo, na sikumlaumu, nami pia nilikuwa nimechoka kuwa mimi. Mtoto alikua akijua kwamba baba anaitwa kwa kuguswa bega. Nyumbani tulikuwa na ishara zetu, nyingi alizitunga yeye: ndagala, mvua, bibi amekasirika.

Wewe unayesoma, ukisikia ndege ambaye jirani yako hamsikii, jizibe masikio. Akiendelea, mwambie infirmiye siku ileile, usiogope kuonekana mjinga. Hilo ndilo nililotaka kusema, na ningeweza kuishia hapa. Lakini mtu ataniuliza kama ilifaa, kifua kwa masikio, na siwezi kumjibu bila kutaja mauaji ya mwaka wa sabini na mbili.

Sitasema nani alianza na nani alimaliza. Walikuja wa upande mmoja, halafu wakaja wa upande mwingine, na mimi sikusikia hata risasi moja, niliona tu watu wanakimbia na midomo wazi. Tulilala ndani ya michikichi, juu ya mji, chini ya majani makavu, mimi, Mwamini, mama yake na Zaituni, na majirani wengine wengi. Petero wa Kabezi sikupata habari yake tena tangu miezi ile. Niliuliza. Sijui, kwa hiyo siandiki.

Pale kwenye michikichi hakuna aliyeruhusiwa kutoa sauti. Vumbi la majani lilikuwa linaingia kooni. Jirani mmoja alikohoa na mkewe akamziba mdomo kwa kanga. Mwamini aliweka kiganja kifuani kwangu, akakiacha mchana wote, akingojea kikohozi, tayari kuniziba, maana alijua mimi nisingejua nimetoa sauti kiasi gani. Hakikuja. Sikukohoa hata mara moja. Nilipumua kama mtu ambaye hajawahi kuugua. Sisemi ndiyo sababu tulipona. Walikuwepo wengine waliokuwa na kifua kizuri na masikio mazuri, na hawakutoka.

Ilikuwa mchana, jua linapita katikati ya majani. Zaituni alitambaa mpaka kwangu. Alikuwa na miaka kumi, alikuwa anajua kuliko yeyote kwamba sisikii, na ishara zote alikuwa nazo yeye. Hakutumia hata moja. Aliweka mdomo wake kabisa kwenye sikio langu na akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Nilipata pumzi yake tu, ya moto, inakuja na kukatika, inakuja na kukatika. Kisha alijitoa, akanitazama usoni, na nikaona kwamba lilikuwa swali, kwa sababu alikuwa anangojea.

Nilitikisa kichwa, ndiyo.

Alilaza kichwa mkononi kwangu na akapata usingizi. Sasa ni mama wa watoto. Nimemwuliza aliuliza nini, naye anasema amesahau.